Beji Iliyoshonwa kwa Uzi

Mwizi alivua viatu kabla ya kuingia kuiba.

Inspekta Leonard Pinto aliliona hilo kabla hata hajafungua daftari lake, akakaa nalo kimya, kama mtu aliyeamka na ndoto tamu asiyetaka kuisimulia isije ikamponyoka. Alikuwa amechuchumaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, katika nyumba moja ya Kenton, London, asubuhi ya ukungu ya mwezi wa Machi 1973. Nyuma yake, kwenye tope la bustani, nyayo ndogo zilitokea kwenye kichochoro cha pembeni zikaja hadi mlangoni. Hapo zikakoma, kisha zikarudi zilikotoka. Juu ya saruji, nje ya kizingiti, palibaki alama mbili za tope zilizolala sambamba, ncha zake zikitazama bustani. Ndani, zulia la rangi ya maziwa lilikuwa safi kabisa.

Konstebo Lawrence, kijana wa Kiingereza aliyependa kesi ziishe kabla ya chakula cha mchana, alikuwa na jibu lake tayari.

"Hakuna tope ndani, bwana. Basi hakuna aliyeingia. Mzee kajiibia mwenyewe, anataka bima."

"Na nyayo hizi?"

"Kazikanyaga yeye."

"Mzee anavaa namba tisa. Hizi hazizidi nne."

Lawrence aliangalia viatu vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimeshaacha ramani nzima ya bustani juu ya zulia la watu. Leonard alivua vyake, akavipanga pembeni ya zile alama, akaingia na soksi. Alikuwa Mgoa wa Mombasa, na miaka tisa ya London haikuweza kumfundisha kuingia kwa mtu na viatu. Huko Mombasa alikuwa mpelelezi. Huku alianza upya, konstebo wa kutembea kwa miguu kwenye mvua, hadi wakubwa wake walipogundua kwamba ndege zilizokuwa zikishusha Wahindi wa Kenya na Uganda zilikuwa pia zikishusha mambo ambayo wao hawakuyaelewa. Ndipo wakaona afadhali wawe na mtu wa kuyaelewa.

Sebule ilikuwa na saa kumi na moja ukutani, na kila moja ilikuwa na msimamo wake. Moja ilisema saa nne, nyingine saa nane, nyingine ilikuwa imekata tamaa ikanyamaza. Mlio wao mdogo mdogo, pamoja na ukungu uliobana madirishani na harufu ya karafuu iliyotoka jikoni, vilimfanya Leonard ajione yuko ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Chini ya saa hizo, kwenye kiti cha mkono, alikaa mwenye nyumba, Mzee Tajdin Merali, fundi saa, mwembamba, shali mabegani, mikono imetulia magotini.

Mbele yake ukutani palikuwa na ubao uliovikwa mahameli nyeusi, na juu ya mahameli beji thelathini za kijeshi.

"Zilikuwa thelathini na moja," alisema mzee.

"Za jeshi gani?"

Hapo Mzee Merali akachangamka. Zote, alieleza, zilikuwa za askari wa Afrika Kaskazini waliotumikia jeshi la Mfaransa, na chache za Walibya wa Mtaliani. Hii ya jambia ni ya Wamoroko wa milimani. Hii ya mkono wenye vidole vitano ni ya Watunisia. Hii ya fedha, yenye kichwa cha farasi, ni ya wapanda farasi wa Aljeria, na ndiyo ya thamani kuliko zote. Nyingine alizipata kwa wafungwa wa vita wa Kitaliani waliobaki Kenya, nyingine kwa barua, kutoka kwa wenzake wakusanyaji wa Marsei, kwa Mfaransa. Mwezi wa Novemba, walipofukuzwa Kampala, alizitia kwenye kopo la biskuti. Njiani kwenda Entebe wanajeshi walichukua bangili za mkwewe, wakachukua redio, wakachukua hata mwavuli. Kopo walilifungua, wakacheka, wakamrudishia.

"Waliniuliza, 'Bati hili la nini, mzee?' Nikawaambia ni la kuchezea wajukuu. Ndicho kitu pekee nilichofika nacho, Bwana Inspekta."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Rayners Lane, kwa sahibu yangu. Saa yake ya ukutani imegoma."

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Nimerudi saa saba. Mwanangu na mkwe wangu wako kazini."

"Milango ulifunga?"

"Wa mbele nilifunga. Wa jikoni kitasa chake kibovu. Nimetengeneza saa za mabalozi, lakini kitasa cha Kiingereza kimenishinda."

"Iliyoibiwa ni ipi?"

Kidole cha mzee kilionyesha katikati ya ubao, mahali patupu.

"Hilali na nyota. Ya shaba. Ya wapiga bunduki wa Aljeria."

"Uliipata wapi?"

"Nilinunua."

"Kwa nani?"

"Mtaliani. Mfungwa. Nairobi, mwaka arobaini na tatu."

Leonard aliandika. Beji thelathini zilikuwa na hadithi ndefu, na kila moja mzee aliisimulia kama anayehesabu tasbihi. Hii moja, ile aliyoibiwa, ilipata maneno machache tu.

"Ina alama ya kuitambulia?"

"Ncha moja ya hilali imemeguka kidogo. Pini ya nyuma imekatika. Na nyuma pana namba 417, imekwaruzwa kwa ncha ya sindano."

"Nani unamshuku?"

"Simshuku mtu. Mkwe wangu ndiye aliyepiga simu polisi. Mimi nilimwambia tuache."

Leonard aliusogelea ubao, akazigeuza beji moja moja. Hapakuwa na alama za vidole za maana. Mpiga picha wa polisi alikuwa ameshapita na unga wake akaondoka na zile za mzee tu. Lakini Leonard aliona vitu viwili. Kwanza, beji zote zilikuwa zimekaa kwa pini zake. Ni pale mahali patupu tu palipoonyesha kwamba beji ilikuwa imeshonwa kwa uzi. Pili, uzi huo ulipofumuliwa, mahameli ilichanika kidogo. Na mchaniko huo ulikuwa umeshonwa.

Alitoa kioo chake cha kukuzia. Mishono sita, midogo kama punje za ufuta, kwa uzi mweusi, mpya. Mwizi alisimama katika nyumba ya watu mchana kweupe, mwenyewe anaweza kurudi wakati wowote, akatoa sindano, akaziba tundu aliloliacha.

Leonard alihisi furaha ya ajabu kifuani, furaha isiyofaa kwa afisa wa polisi. Alikwenda dirishani akainua upindo wa pazia. Pazia lilikuwa jipya. Upindo ulishonwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za ufuta.

"Mapazia haya kashona nani, mzee?"

Saa kumi na moja ziliendelea kubishana.

"Mkwe wangu ndiye aliyempata. Mwanamke wa Kilburn."

"Mhindi?"

"Mswahili. Wa Unguja."

"Jina lake?"

"Mardhiya," alisema mzee, taratibu, kama anayeweka glasi mezani asitake itoe sauti.

Nje, Lawrence alikuwa akizungumza na jirani, Bibi Margaret, mjane aliyekuwa na dirisha zuri na muda mwingi. Ndiyo, alimwona mtu jana, yapata saa tano. Mwanamke, koti juu ya nguo nyeusi ndefu, kichwa amefunika.

"Alifanya nini?" aliuliza Leonard.

"Alibisha mlango wa mbele. Akasema neno. Akangoja. Akabisha tena, akasema neno lile lile. Akangoja. Mara tatu. Kisha akazunguka nyuma."

"Hukupiga simu?"

"Wezi hawabishi mlango, Inspekta," alisema Margaret, na kwa uzoefu wake wote wa mtaa ule hakuwa amekosea.

Kwenye gari Lawrence alisema sasa kesi ni nyepesi: mshonaji aliujua mlango mbovu, akarudi, akaiba. Leonard alimuuliza kwa nini basi aliacha beji ya fedha akachukua ya shaba iliyovunjika. Lawrence alisema labda hakujua thamani.

"Labda," alisema Leonard. "Nishushe hapa. Nitapanda basi."

*

Basi la Kilburn lilikwenda polepole ndani ya ukungu. Leonard alikaa ghorofa ya juu, kiti cha mbele, mahali ambapo mtu huona paa za nyumba zikimjia na kutoweka bila sauti. Alilala, au hakulala. Aliona duka la saa la Mombasa, barabara ya Salim, na mzee mwenye kioo jichoni akimfunulia saa iliyoibiwa. "Tazama hapa ndani, Afisa," alikuwa akisema yule mzee. "Kila fundi anaandika namba ya kazi yake. Mteja akija na saa, namba ile ile inaingia kwenye saa na kwenye cheti."

Leonard alifumbua macho. Alivua saa ya mkononi, urithi wa baba yake, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha. Ndani, kwa ncha ya sindano, palikwaruzwa namba tatu, za mafundi watatu, wa miaka tofauti. Mombasa alikamata wezi wengi kwa namba kama hizo.

Fundi hukwaruza namba kwenye kitu cha mteja. Kitu chake mwenyewe, alichokinunua kwa pesa yake, hana haja ya kukiandika namba.

Na fundi aliyetengeneza saa za mabalozi hawezi kuacha pini iliyokatika kwa miaka thelathini, akashona beji kwa uzi kama mtoto wa shule, isipokuwa ana sababu. Namba 417 haikuwa alama ya beji ile. Ilikuwa alama ya kazi ambayo haijamalizika.

Leonard alikifunga kifuniko cha saa yake. Basi lilikuwa limeshapita kituo chake kwa vituo viwili, akateremka akarudi kwa miguu.

*

Chumba cha Bi Mardhiya kilikuwa juu ya duka la vitambaa, ngazi nyembamba, mlango wa kijani. Leonard alibisha.

"Hodi."

"Karibu, baba, karibu. Sukuma tu."

Alivua viatu. Mwanamke aliyekaa nyuma ya cherehani alikuwa wa miaka hamsini hivi, miwani imeshuka puani, kanga mabegani juu ya sweta. Alimwona, akaiona kadi yake ya polisi, akairudisha sindano kwenye mto wake. Kisha akainuka akaweka maji ya chai. Huyo ndiye mtu wa Unguja: polisi atamkamata, lakini kwanza polisi atakunywa chai.

"Nimekuja kwa jambo la Kenton, Bi Mardhiya."

"Nalijua lililokuleta. Sukari ngapi?"

"Mbili. Iko wapi?"

Alinyoosha mkono kwenye dirisha. Juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, pasipo kitu kingine, ilikaa hilali ya shaba na nyota yake, ncha moja imemeguka.

"Jana saa tano ulikwenda Kenton?"

"Nimekwenda."

"Uliingia vipi?"

"Nimepiga hodi mlango wa mbele, kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu. Ukipiga hodi tatu hukujibiwa, unarudi kwenu, ndivyo tulivyofunzwa. Mie sikurudi. Nikazunguka uani."

"Ukavua viatu."

Alimtazama kama aliyeulizwa kama anavuta pumzi. "Nyumba ya watu ile."

"Ukaiba beji."

"Neno hilo lako wewe. Mie nimeichukua nishani ya mume wangu."

Aliweka chai mbele yake. Leonard hakuandika kitu. Alimwacha aseme.

Mumewe aliitwa Talib Ameir. Alikuwa mchochea makaa melini. Vita vilipoanza, meli yake ilikwama Aljeria, naye njaa ikiwa imemzidi, akajiandikisha na wapiga bunduki wa huko, akapigana Utaliani miongoni mwa watu ambao lugha yao aliijua kwa sala tu. Alirudi Unguja mwaka 1946, mguu mmoja mfupi, na hilali ile kifuani. Kila Idi aliivaa juu ya koti. Idi moja ilimwanguka kwenye ngazi za mawe, ncha ikameguka. Yeye Mardhiya ndiye aliyekitafuta kile kipande, asikione.

"Halafu?"

"Mwezi wa Disemba, sitini na tatu, pini ikakatika. Akanambia anaipeleka kwa fundi saa, Mkunazini."

"Fundi yupi?"

"Hakunambia. Mafundi walikuwa wengi. Mwezi wa Januari mambo yakaja, unayajua. Siku ya tatu akatoka nyumbani. Akanambia anarudi sasa hivi." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. "Sikumwona tena. Sikuonyeshwa maiti, sikuonyeshwa kaburi. Eda sikujua niianze lini. Picha zote zimebaki kwenye nyumba ambayo sina tena. Miaka tisa, Bwana Inspekta, hata uso wake sasa nauota nusu."

Leonard aligundua kuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Kisha nikaenda kupachika mapazia Kenton," aliendelea Bi Mardhiya. "Niko juu ya ngazi, nikageuka, naiona ukutani. Nilidhani naota. Nikashuka nikamuuliza yule mzee, kwa adabu zote, wapi kaipata. Akanambia kwa Mtaliani, Nairobi, mwaka arobaini na tatu. Mwaka huo ilikuwa kifuani pa mume wangu, iko vitani. Nikajua ananidanganya."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani aliyemuua aliivua kwenye maiti yake, akamuuzia huyu. Na kwamba huyu anamjua. Basi nikasema, kama hataki kunambia, na asikae nayo. Sitaki kingine. Nataka kujua tu alipolala mume wangu, na kama alikuwa peke yake."

 Chini, dukani, mtu alikuwa akipasua kitambaa.

"Na tundu ulilishona kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza alionyesha haya. "Lilinikera. Mahameli nzuri ile."

Leonard aliichukua beji, akaigeuza. Pini iliyokatika. Na pembeni yake, mwandiko mdogo, safi, wa mkono usiotetemeka: 417.

"Vaa koti, Bi Mardhiya."

"Unanikamata?"

"Nakupeleka ukamuulize swali lako mara ya pili."

*

Mzee Merali alikuwa palepale walipomwacha, ila sasa taa ilikuwa imewashwa. Aliwasikia wakivua viatu jikoni, na alipowaona mlangoni, mtu mmoja baada ya mwingine, alivuta shali kama aliyepigwa na upepo. Leonard alikivuta kiti akamketisha Bi Mardhiya. Yeye akasimama, akaiweka beji mezani, nyuma ikiwa juu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Namba hii nani kaikwaruza?"

"Ilikuwa nayo."

"Mwaka 1943 ulikuwa wapi?"

"Nairobi."

"Mkwe wako nimemkuta mlangoni sasa hivi. Anasema ulitoka Unguja mwaka 1964. Kabla ya hapo hukuwahi kuiacha."

Mzee aliziinulia macho saa zake.

"Beji zako thelathini zote hazina namba. Nimezigeuza moja moja. Wewe fundi, mimi polisi, sote tunajua namba ya sindano ni ya nini. Cheti cha mteja kiliandikwaje, mzee? Namba 417, nani?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wahenga. Lakini walisahau kusema kwamba anayeumbuliwa wakati mwingine hushukuru.  Mzee Merali alipoanza kusema hakumtazama Leonard. Alimtazama Bi Mardhiya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni.

"Talib Ameir. Pini. Aje Jumatatu."

Bi Mardhiya alishika ukingo wa kiti.

"Fundi ulikuwa wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu ningekwambia alikuja kwangu, ungeniuliza alikuja lini." Sauti yake ilikuwa ndogo, na saa zilikuwa kubwa. "Alikuja siku ya tatu. Nilikuwa nimefunga duka, nimeweka makabati nyuma ya mlango, mke wangu na mwanangu wako chini ya meza. Nje makelele. Kisha makelele yakapungua, nikasikia mguu. Mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi. Nilimjua kwa mwendo."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Hodi, fundi.'"

Bi Mardhiya aliitazama beji pale mezani.

"Sikujua anataka nishani yake au anataka mahali pa kujificha. Mpaka leo sijui. Nilikaa nyuma ya mlango, karibu kama tulivyokaa mimi na wewe. Nilisikia pumzi zake. Akangoja. Akasema tena, 'Hodi, fundi,' polepole, kama hataki kunisumbua. Mke wangu akanishika mguu. Niliogopa, mama. Sina neno jingine. Niliogopa. Akabisha ya tatu. Sikufungua."

"Halafu?"

"Akaondoka. Kwa adabu. Alipofika pembeni ya mtaa, nikasikia watu wengi. Kisha sikusikia kitu." Alijifuta uso kwa shali. "Kesho yake waliokota watu kwa gari, wakawapeleka pamoja, nje ya mji. Walimpitisha mbele ya duka langu. Nilimwona kwa ufa wa mlango. Alikuwa amelala kati ya wenzake, koti lake la Idi mwilini."

Bi Mardhiya alifumba macho. Midomo yake ilicheza bila sauti, dua fupi, kisha ikatulia.

"Hakuwa peke yake, basi," alisema mwishowe.

"Hakuwa peke yake."

"Na hizi nyingine?" aliuliza Leonard, kwa sababu polisi lazima aulize. "Thelathini hizi?"

"Nilipofika Kampala nilikuwa na ile moja tu. Kila aliyeiona aliuliza, hii ni ya nani? Nikatafuta ya pili, ikae nayo. Nikatafuta ya tatu. Watu wakawa wanasema, huyu mzee anakusanya beji. Ikawa ni mazoea ya mzee, haikuwa tena ya mtu." Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kulitazama. "Pini nilijaribu kuitia mara nyingi. Nilipokamata chuma mkono ulikataa. Kazi ikiisha, mteja anakuja kuchukua. Basi nikaishona kwa uzi."

Konstebo Lawrence, aliyewaleta kwa gari kutoka Kilburn na sasa amesimama mlangoni na soksi zake, bila kujua Kiswahili hata neno, aliuliza kwa Kiingereza kama mtuhumiwa amekiri.

"Amekiri," alisema Leonard.

"Mwanamke?"

"Kaa kimya kidogo, Lawrence."

Mzee Merali aliisukuma beji juu ya meza hadi mbele ya Bi Mardhiya. Mashtaka sina, alisema, mlalamikaji ni mimi na nimeondoa malalamiko. Andika unavyojua kuandika, Bwana Inspekta. Akangoja. Alikuwa anangoja kulaaniwa, na Leonard, aliyewahi kuona watu wengi wakingoja hukumu, alijua kwamba laana ingekuwa nafuu kwake.

Bi Mardhiya hakumlaani. Wala hakumsamehe, neno hilo halikupita kinywani mwake. Aliichukua beji, akaipima kiganjani, akaigeuza akaitazama namba. Kisha akairudisha mezani.

"Itengeneze," alisema.

"Mama?"

"Pini. Ndiyo kazi uliyopewa. Itengeneze, fundi, halafu uilete mwenyewe. Inspekta anapajua kwangu."

*

Ripoti ya Leonard ilikuwa na mistari sita. Ilisema kitu kilichopotea kilikuwa kwa mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi jioni, alimpeleka Mzee Merali Kilburn kwa gari lake mwenyewe. Jua la Machi, dogo na jeupe, lilikuwa limetoka kidogo. Mzee alikuwa amevaa suti aliyofika nayo kutoka Kampala, na mfukoni mwake, ndani ya karatasi ya sigara, hilali ya shaba yenye pini mpya. Usiku mmoja tu ulimtosha, alisema. Mkono haukukataa.

Walipanda ngazi nyembamba, juu ya duka la vitambaa. Mbele ya mlango wa kijani mzee alivua viatu, akavipanga. Leonard alibaki ngazi mbili chini.

"Hodi," alisema Mzee Merali.

Ndani cherehani ilikuwa ikilia. Ikanyamaza. Zikasikika hatua, pole, zikaja hadi nyuma ya mlango. Zikasimama. Mlango haukufunguka.

Mzee alitazama chini. Leonard alitaka kupanda, akajizuia. Kulikuwa na ubao mmoja tu wa mlango kati ya watu wale wawili, na kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake.

"Hodi," alisema mzee mara ya pili.

 Mahali fulani barabarani basi lilipiga honi, likapita. Mzee Merali aliweka kiganja chake juu ya mlango, taratibu, kama anayelitaka jibu lakini hataki kumsumbua mtu.

"Hodi, mama."

Komeo likaondolewa.

"Karibu, fundi," alisema Bi Mardhiya. "Ingia. Chai iko tayari."